Kata ya Maji ya Bi Saumu

Samaki wa mwisho wa Time alikuwa akiogelea ubavu. Raya alipiga magoti ukingoni mwa kizimba cha mdogo wake, akamtazama tasi yule akizunguka pole pole, jicho moja limeelekea juu, limekuwa jeupe kama tui. Ugonjwa wenyewe watu wa Ghuba ya Kipandoni waliuita kiwi, kwa kuwa ulianzia machoni, kisha ukashuka mbavuni na kutoboa vidonda, kisha ukamaliza kazi. Kizimba kizima kilikuwa kimekwisha. Kilichobaki ni harufu, na wanawake wachache waliosimama kwenye vizimba vya jirani wakitazama kwa mbali, wakiogopa kusogea.

Time alisimama nyuma ya dada yake, mikono kiunoni, kimya. Huyu ni mtu aliyeitwa redio ya mtaa tangu utotoni, mtu aliyeweza kusimulia harusi moja kuanzia adhuhuri hadi magharibi bila kuchoka wala kuchokesha. Ukimwona Time amenyamaza, ujue mambo yameharibika.

Raya akateka maji kidogo kwa kichupa, akakitia kwenye tundu la Msomaji, mashine isiyozidi ukubwa wa mkebe wa chakula ambayo aliitundika begani kila alikokwenda. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kusoma nasaba za bakteria wa vizimbani. Alikuwa mzaliwa wa Kipandoni, akaenda bara kusoma, akarudi na shahada na miwani, na wanawake wa ghuba wakamzoea kumwona akipita baina ya vizimba vyao na mkebe wake kama mchuuzi wa kashata.

"Yametoka wapi haya, dada?" Time akauliza hatimaye.

Raya akamwambia asubiri, mashine itasema. Lakini moyoni alikuwa na wasiwasi, kwa sababu kizimba hiki hakikustahili kuugua. Maji yake yalikuwa maji ya mama yao, Bi Mize, na maji ya Bi Mize yalikuwa hayajawahi kuua hata dagaa.

Miaka mingi nyuma, kabla Raya hajazaliwa, bahari ilipozidi kupata joto, samaki wa vizimbani walikufa makundi kwa makundi. Wataalamu wakatengeneza bakteria wa kuwakinga, wakawaita walinzi. Mlinzi aliishi kwenye matamvua ya samaki na kupigana na kila kijidudu kibaya kilichopita. Kipandoni walipewa walinzi wa namna mbalimbali, kila mwanamke mwenye kizimba na wake, ili ugonjwa ukimshinda mmoja usiwashinde wote. Sharti lilikuwa moja tu, walinzi wasichanganywe. Wataalamu wakaondoka, sharti likabaki, na kadiri miaka ilivyopita likageuka mila. Binti akiolewa hupewa kizimba, na mama yake huteka maji kizimbani kwake kwa kata ya kifuu, akayamimina katika kizimba kipya huku wanawake wakitaja majina: maji ya fulani, binti wa fulani, binti wa fulani, mpaka kwa bibi wa kwanza. Wenyewe hukuita huko kutia maji. Msichana ambaye hajatiwa maji hathubutu kuweka hata samaki mmoja.

Kwa hiyo walinzi walirithiwa kutoka kwa mama hadi kwa binti, pamoja na vikuku na sinia za shaba. Raya alipokuwa chuoni aliwachekesha walimu wake kwa kuwaambia kwamba kwao, akisoma bakteria wa mtu, anamjua na mama yake mdogo.

Msomaji akatoa mlio. Mti wa nasaba ukajichora kwenye kioo, tawi juu ya tawi. Raya aliutazama, kisha akazima kioo kabla Time hajainama kuangalia. Akasema maji yana matope, itabidi asome tena ofisini. Alikuwa ameona maji ya mama yake, kama alivyotarajia. Kando yake, yamegusana nayo, alikuwa ameona maji ya Bi Saumu.

Bi Saumu, waliyemwita Mama Mkubwa, alikuwa mke mkubwa wa baba yao. Alikufa mwaka uliopita bila kuacha mtoto, na maji ya mwanamke asiye na binti hukaushwa. Wavu wake ulivutwa pwani, ukaanikwa juani mbele ya watu wote, na jina lake halikutajwa tena katika kutia maji yoyote. Bakteria wake hawakutakiwa kuwa popote duniani.

*

Ofisi ya Raya ilikuwa ghala la zamani la barafu, lenye kuta nene na dirisha moja. Alijifungia humo akasoma maji yale upya, akitamani mashine iwe imekosea. Mashine haikukosea.

Bakteria hazai kwa mimba. Hujigawa, akawa wawili, na kila anapojinakili hukosea herufi moja au mbili za vinasaba vyake. Makosa hayo hurithiwa. Ukilinganisha makosa ya huyu na ya yule, utajua nani ni ndugu wa nani na walitengana zamani kiasi gani. Kwa herufi hizo, muuaji wa kizimba cha Time alikuwa mtoto halisi wa mlinzi wa Bi Mize. Mwili wote ulikuwa wake.

Lakini bakteria wana tabia nyingine. Huazimana. Wawili wakigusana, mmoja anaweza kumpa mwenziwe kipande cha vinasaba, kiduara kidogo, bila kuzaana wala kuwa ndugu. Ndani ya muuaji kulikuwa na kiduara kilichotoka kwa mlinzi wa Bi Saumu. Kwa mwenyewe kilikuwa silaha nzuri ya kuulia vijidudu, kwa sababu mlinzi wa Saumu alizaliwa na kizuizi cha kuishika isimdhuru samaki. Mlinzi wa Mize aliipokea silaha bila kizuizi. Akawageukia samaki aliowekwa kuwalinda.

Raya alikaa kitako sakafuni. Walinzi wawili wema, wasiowahi kumdhuru mtu, wamekutanishwa mahali pamoja wakaunda muuaji. Na sheria ilijulikana. Ugonjwa ukizuka, msomaji wa ghuba hutafuta shina lake, yaani maji ambayo muuaji amezaliwa humo, na kila kizimba chenye mlinzi wa shina hilo huzimwa, samaki na walinzi wake wote wakauawa, kiwe kigonjwa au kizima, kwa maana palipo na mlinzi yule yule kiduara kinaweza kuingia tena. Mlinzi wa Mize alitoka kwa mama yake, Bi Mgeni, na Bi Mgeni alijaaliwa mabinti, na mabinti wakajaaliwa mabinti. Nusu ya vizimba vya Kipandoni vilikuwa vya maji yake. Nusu ya nyumba za Kipandoni zilikuwa zikila kutokana na maji hayo.

*

Bi Mize alikuwa amekaa barazani akiziba tobo la wavu. Raya hakuzungusha maneno. Alimweleza aliyoyasoma, akamuuliza maji ya Mama Mkubwa yamefikaje kizimbani kwa Time.

Mikono ya Bi Mize ikasimama. "Nilitia kata moja," akasema. "Kata moja tu, mwanangu, baada ya yangu."

Akaeleza taratibu, huku sindano ya wavu ikiwa bado kiganjani. Watu walitegemea yeye na Saumu wagombane maisha yao yote, maana wake wenza ndivyo wanavyotazamiwa, na mwanzo walijaribu kidogo ili wasiwavunje watu moyo. Baadaye wakaona kazi bure. Walikula sahani moja, wakauguza mume mmoja, na mume alipofariki hakuna aliyetaka kuhama. Saumu alipokuwa kitandani hakuomba chochote, si mganga wala uji wa maziwa. Aliuliza swali moja tu, nani atamtaja yeye akiondoka. Asubuhi wavu ulipokwenda kukaushwa, Mize alikuwa amekwisha teka gudulia la maji ya mwenziwe akalificha ndani, akisubiri harusi ya Time. Siku ya kutia maji alimimina kata yake mbele ya watu, na watu walipogeukia pilau akamimina ya Saumu, akalitaja jina lake kimoyomoyo.

Raya alimuuliza kwa nini hakumwambia hata yeye, ambaye kazi yake ni hiyo hiyo.

Bi Mize akaichomeka sindano kwenye wavu. "Wewe ndiye uliyekuwa uyachukue," akasema. "Sikulaumu. Nakukumbusha tu."

Raya alikuwa hahitaji kukumbushwa. Mila iliruhusu mwanamke asiye na mtoto kumteua binti wa nyumbani, akapewa kizimba kipya kisichoguswa na maji mengine, na ukoo wa maji ukaendelea. Saumu alimteua Raya. Ni yeye aliyemlea tangu alipoachishwa ziwa, aliyemsuka nywele na kumfundisha kusoma, aliyelala naye kitanda kimoja mpaka akawa mkubwa. Lakini Raya alikuwa amekwisha pata nafasi ya chuo. Alikataa akicheka, mkoba mkononi, akisema yeye na harufu ya samaki basi. Mama Mkubwa naye alicheka, akamtilia mkate wa kumimina kwenye mkoba asije akashinda njaa njiani. Hawakulizungumza tena jambo lile. Sasa Raya alikaa barazani pa mama yake akalia kwa sauti, na Bi Mize akamwacha alie.

*

Time alikuja ghalani siku ya pili yake, akafunga mlango. Mama yao alikuwa amemwambia kila kitu. Redio ilikuwa imerudi hewani, ila kwa sauti ya chini. Akawataja mmoja mmoja wale ambao vizimba vyao vingezimwa: mama yao mdogo Bi Riziki, mjane mwenye wajukuu, mabinti wawili wa Riziki, binamu zao wa upande wa mkondo, na wale walioolewa ghuba za jirani wakaenda na maji yao. Wote hao samaki wao wazima, wananona, hawana hata kidonda.

Kisha akauliza kama hakuna njia nyingine ya kusoma.

Njia ilikuwapo, na hilo ndilo lililokuwa likimtesa Raya. Mti unaochorwa na Msomaji hauna shina. Una matawi tu yaliyoungana, na huwezi kujua lipi lilitangulia mpaka uingize mgeni, bakteria wa ukoo wa mbali kabisa, uone anagusa wapi. Mgeni huyo huchaguliwa na anayesoma. Pia anayesoma ndiye huamua asome nini. Akiusoma mwili mzima, shina ni Mize. Akikisoma kile kiduara peke yake, na akachagua mgeni anayefanana nacho, shina lahamia kwa Saumu, na maji ya Saumu hayapo pengine popote ila katika kizimba cha Time ambacho kimekwisha kufa. Hakitazimwa kizimba kingine hata kimoja. Haukuwa uongo mtupu, na ndiyo sababu ulivutia.

Alimweleza Time upande wa pili pia. Kiduara kimekwisha ingia baharini. Kikimkuta mlinzi mwingine wa maji ya Bi Mgeni, hapa au ghuba ya jirani, kiwi kitaanza upya. Huenda mwakani, huenda baada ya miaka mingi, huenda kisimkute kabisa. Na wa pale kitakapozuka hawatajua kimetoka wapi.

"Huenda," Time akasema. "Na huku ni hakika."

"Na Mama Mkubwa je? Ugonjwa utaitwa kwa jina lake."

Time naye alilelewa na mikono ile ile. "Amekwisha kufa, dada," akasema. "Atapungukiwa nini?"

Time alipoondoka, Raya alibaki akimtazama Msomaji juu ya meza. Alimpenda Saumu kuliko alivyowahi kumwambia mtu, na aliwapenda waliobaki, na hawa waliobaki wana midomo inayotaka kula. Akachagua mgeni. Akakisoma kiduara peke yake. Mti ukajichora upya, mzuri, hauna dosari, na shina lake likasimama kwa Saumu. Raya akauhifadhi, akaenda kunawa mikono.

*

Nasaba ya ugonjwa husomwa hadharani, wanawake wote wa ghuba wakiwapo. Walijaa kwenye banda la kupokelea samaki, wamekaa juu ya makreti yaliyopinduliwa. Idara inayosimamia vizimba ilimtuma Bwana Ngwali, mkaguzi, mtu mpole aliyevaa viatu vya ofisini siku zote hata vikaharibika kwa chumvi. Alimwamkia kila mama kwa heshima yake, akakaa, akamwomba Raya asome.

Raya alisoma. Alisikia sauti yake ikisema shina la kiwi ni maji ya marehemu Saumu, na kwamba yaonekana yalipenya kwa bahati mbaya, pengine kwa wavu ambao haukukauka vizuri. Kizimba cha Time kitazimwa. Vingine vyote viko salama.

Banda zima likashusha pumzi. Bi Riziki aliinamisha kichwa akawa anatikisa mabega, haijulikani analia au anacheka. Bwana Ngwali akaeleza kilichobaki kisheria, kwamba muuaji ataitwa kwa jina la shina lake, na jina hilo litabandikwa katika kila ghuba ya mwambao ili watu watahadhari. Tangu siku hiyo kiwi kitajulikana kama ugonjwa wa Saumu.

Mwanamke mmoja upande wa nyuma akasema hata si ajabu. Yule mama alikuwa mgumba, akasema, na wenye kijicho huacha kijicho chao majini. Hakuna aliyemnyamazisha. Wawili watatu waliitikia kwa kichwa, watu ambao Saumu aliwakanda migongo walipojifungua. Raya alitazama sakafu. Alijiambia yatapita.

Hapo Bi Mize akasimama. Magoti yake hayakuwa mazuri, ilimchukua muda, na watu wakamngoja.

"Bwana Ngwali, naomba kusema," akaanza. "Saumu hakwenda kwa miguu yake kizimbani kwa binti yangu. Nimempeleka mimi. Na huyo mdudu mwili wake ni wangu, binti yangu mwenyewe kaniambia. Nakuomba mwambie asome tena, asome mwili mzima, sote tukiona."

Time alimshika mama yake mkono kumkalisha, Bi Mize akautoa mkono ule bila hasira. Akawageukia wanawake wenziwe.

"Najua ninachowafanyia," akasema. "Nyinyi mna watoto wa kuwasemea. Yule hana. Mtamtukana mpaka lini, na nani atawajibu?"

Bwana Ngwali alimgeukia Raya, akamuuliza kwa upole kama kuna haja ya kusoma upya. Swali lilikuwa jepesi na jibu lilikuwa tayari mdomoni. Ingetosha kusema mama yake amefiwa na mwenziwe, umri umekwenda, huzuni imemchanganya. Kila mtu mle ndani angeamini, kwa sababu kila mtu alitaka kuamini. Mkaguzi mwenyewe angemshukuru. Raya alimtazama mama yake aliyesimama katikati ya makreti, mfupi, amekaza kanga yake, hana mtu upande wake. Akafikiri kwamba akisema neno lile atakuwa amewakana mama zake wote wawili kwa siku moja.

Akamwasha Msomaji. Akaondoa mgeni wa uongo, akaweka wa kweli, akasoma mwili mzima, na mti ukajichora ukutani mbele ya wote pole pole. Waliojua kusoma mti walianza kuondoka kabla haujaisha. Bi Riziki alibaki hadi mwisho, akalifuata tawi lake kwa macho mpaka lilipoungana na shina.

"Shina ni maji ya Mize binti Mgeni," Raya akasema. "Nilijua tangu mwanzo."

*

Kizimba huzimwa na mwenyewe. Sheria ilitaka hivyo kwa heshima, ila heshima yenyewe ilikuwa nzito. Maturubai yalizungushwa kizimbani ili maji yasitoroke, mwenye kizimba akamimina dawa ya usingizi, na samaki walipokwisha kulala watu wa Idara wakamimina ile ya pili, inayoua kila kilicho hai majini. Tasi walikuwa wanene mwaka huo. Walipanda juu wakageuka matumbo, weupe kwa weupe, na mtu aliyekuwa akiwalisha tangu wakiwa wadogo kuliko ukucha alisimama hapo hapo akiwatazama.

Raya alisimamishwa kazi, lakini Bwana Ngwali akamruhusu amalize shauri hili kwa vile hapakuwa na mwingine anayezijua nasaba za pale. Ikawa ni yeye anayekwenda kizimba hadi kizimba kuthibitisha kwamba walinzi wamekwisha. Alitegemea matusi. Hakutukanwa. Wanawake walimpa kichupa cha maji alipoomba, wakapokea kichupa kitupu aliporudisha, wakafuta mikono. Bi Riziki alimimina dawa yake moja kwa moja bila kusita, kisha akaiweka ndoo tupu miguuni pa dada yake Mize, taratibu, akaenda zake. Hawakuwahi kulala na ugomvi tangu wadogo, dada wale, na sasa hapakuwa na ugomvi wa kusuluhisha. Palikuwa na ndoo.

Time naye alimimina, ingawa kizimbani kwake hamkuwa na chochote cha kuua. Alifanya yote yaliyotakiwa, akamwamkia mama yake kama ilivyo adabu, akamsaidia kushuka kwenye ngalawa. Zaidi ya maamkio hakumsemesha.

Cha mwisho kilikuwa cha Bi Mize mwenyewe. Aliomba wenziwe waje wamtajie maji yake mara moja, kwa kuwa hayatatajwa tena, kisha akatazama ng'ambo akaona hakuna anayekuja. Basi Raya akataja. Hakuwahi kutaja maji ya mtu yeyote maishani, na alikosea mpangilio wa majina mara mbili, mama yake akamsahihisha. Kisha Bi Mize akainamisha ndoo. Maji yakafanya povu kidogo, yakatulia.

*

Ilibaki kazi moja. Kichupa kimoja cha muuaji lazima kihifadhiwe katika jokofu la Idara, kwenye baridi kali isiyokatika, ili siku nyingine kiwi kikizuka mahali wasomaji wawe na cha kulinganisha nacho. Kila kilichokuwa na damu ya ugonjwa ule kilikuwa kimeharibiwa isipokuwa hicho. Raya alikijaza ghalani, glovu mkononi, mama yake amekaa kwenye kreti karibu na dirisha. Bi Mize alikuwa hapendi kukaa nyumbani siku hizo, maana nyumba ilikuwa kimya na njia ya kwenda kwake imeota majani.

Lebo ilikuwa na nafasi ya jina moja, la shina. Raya akaandika Mize. Akashika kalamu muda kidogo, kisha akabana herufi akaandika Saumu pembeni yake, kwa sababu ndivyo vinasaba vilivyosema, hata kama sheria haikuvisikia. Akamwonyesha mama yake.

Bi Mize alikipokea kile kichupa kilichofungwa, akakisogeza kwenye mwanga akasoma majina yale mawili. Ndani hamkuwa na kitu cha kuona, maji tu yenye ukungu kidogo. Watu wa Kipandoni walikuwa wamepoteza vizimba, na maji ya Mgeni, yaliyopita kwa mabinti wote wale, yalikuwa yamekatika, na ya Saumu yalikuwa yamekatika mara mbili.

"Basi huyu ndiye tuliyemzaa mimi na yeye," akasema.

Raya alitaka kumwambia asiseme hivyo, kwamba huyu ni bakteria, ni ajali ya kiduara kilichoingia mahali si pake. Lakini alikuwa msomaji wa nasaba, na nasaba ilikuwa sahihi.

"Yu hai?" Bi Mize akauliza.

"Yu hai, mama. Akiwekwa kwenye baridi atalala tu."

Bi Mize alikifuta kichupa kwa upindo wa kanga yake, akaufuta na mfuniko, akamrudishia bintiye kwa mikono miwili.

"Basi msimwamshe," akasema.

Raya akakitia kwenye sanduku la barafu, akafunga kifuniko, na wakakaa pale wawili kungojea gari la Idara.